Deni la Tangu Mwaka 1970

Shahada ya teknolojia ya habari ina somo moja la mwaka wa mwisho ambalo halina mtihani, na ndilo linaloogopwa kuliko yote: mradi wa kikundi. Wanafunzi watano huunganishwa pamoja, hutafuta mteja wa kweli mwenye shida ya kweli, na kwa miezi kadhaa hutakiwa kuisikiliza shida hiyo, kuiandika, kuitengenezea mfumo, kuujaribu mfumo huo na hatimaye kuuonesha mbele ya jopo la walimu. Kanuni za chuo hazisemi popote kwamba watano hao ni lazima wapatane, na sisi tulizifuata kanuni hizo barabara.

Mteja wetu alikuwa kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama wakulima wa mwani wa Jambiani, Unguja. Mtindo wao ni ule ulioanzishwa Niger na shirika la CARE mwaka 1991, kisha ukaenea sehemu nyingi za Afrika: wanachama hununua hisa katika kila kikao, hukopeshana kutokana na hisa hizo, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya maradhi na misiba, na fedha zote hulala ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na wanawake watatu tofauti. Anayechelewesha rejesho hutozwa faini ya shilingi 500 kwa wiki. Daftari lao lilikuwa safi kuliko hifadhidata yoyote niliyopata kuiona chuoni, jambo ambalo lingetosha kututia shaka kama kweli tunahitajika, lakini chuo kilitaka mteja, na Bi Mwenyekiti ni mtu wa huruma.

Kiongozi wetu alichora ratiba ya kazi nzima kwa mistari ya rangi na kuibandika ukutani. Kina mama nao walikuwa na ratiba yao, ambayo hupangwa na mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wote huwa baharini wakifunga mwani kwenye kamba kwa vijikamba vya taitai, na hapana anayebaki nyumbani kujibu maswali kuhusu mahitaji ya mfumo. Mistari ya rangi ilituleta Jambiani katikati ya bamvua. Kwa kuwa ratiba ilisema kwamba siku hiyo ni ya mahojiano, kiongozi alikunja suruali, akaingia majini na daftari lake mkononi, na maji yalipomfika magotini akasoma swali la kwanza kama lilivyoandikwa katika mwongozo: "Je, watumiaji wa mfumo wanakabiliwa na changamoto gani?"

"Changamoto ni wewe, mwanangu," akajibiwa. "Umesimama juu ya kamba yangu."

Tangu hapo tulikwenda wakati wa maji mafu, yasiyokupwa sana, na mambo yangekwenda vizuri lau shida zote zingekuwa za bahari.

Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Melvin Conway, aliandika kwamba taasisi yoyote inayobuni mfumo huishia kutoa mfumo wenye umbo la mawasiliano ya taasisi hiyo yenyewe. Mwalimu wetu aliifundisha kanuni hiyo darasani kwa nadharia, na kikundi chetu kikajitolea kuithibitisha kwa vitendo. Mwenzetu wa Wete ndiye aliyeandika kurasa za kuingizia mikopo, na mwenzetu wa Kikwajuni ndiye aliyeandika sehemu ya kuhesabu faini na kutuma ujumbe wa simu. Wawili hawa walikuwa wamenuniana kwa sababu ya jina la mfumo, maana mmoja alitaka uitwe Sanduku na mwengine alitaka uitwe Ufunguo, na kila mmoja aliliona jina la mwenziwe kuwa ni dharau kwa kazi yake. Mimi niliyekuwa mwandishi wa ripoti nikageuzwa kuwa balozi. Tuliketi meza moja, mmoja akiniambia, "Mwambie huyo kwamba ukurasa umekwisha," na huyo akiwa amesikia vizuri kabisa akisubiri nimwambie.

Kikwajuni alihifadhi kazi yake kwa Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho huwawezesha maelfu ya watu wasiojuana kuandika programu moja bila ya kuharibiana. Wete hakutaka kazi yake iwekwe mahali palipofunguliwa na hasimu wake. Yeye alileta kazi kwa flashi, ndani ya folda iliyoitwa MWISHO, kisha ikaja nyengine iliyoitwa MWISHO KABISA, na hatimaye ikaja iliyoitwa MWISHO WALLAHI, ambayo nayo ilifuatiwa na mbili.

Kazi ya kujaribu mfumo ilikuwa ya mwenzetu wa Mkoani, kijana mpole asiyependa kuandika sana. Aliingiza mikopo ya kubuni yenye tarehe nyepesi za kukumbukwa: 1/1, 2/2, 5/5. Mfumo ulifaulu majaribio yote.

Siku ya kuonesha mradi ilikuwa ya mwezi wa Juni 2023, kiasi cha wiki mbili kabla ya Iddi Kubwa, wakati ambapo kila mwanachama alikuwa akifikiria nguo za watoto na akiomba asikumbushwe madeni. Kina mama waliitika mwaliko wetu kwa heshima kubwa. Walikuja wamevaa kanga za sare, wakaketi safu ya mbele, na simu zao wakaziweka mapajani kama tulivyowaomba. Usiku wa kuamkia siku hiyo Wete alikuwa ameingiza mikopo yote ya kweli kutoka kwenye daftari, na Kikwajuni, ili walimu wasichoke kusubiri, alikuwa ameugeuza ukumbusho uliokusudiwa kutumwa kila Jumatatu ukawa unatumwa kila dakika. Hakuna aliyemwambia mwenziwe, na mimi balozi sikutumwa.

"Sasa hivi, waheshimiwa walimu," kiongozi akasema, "mteja wetu atapokea ujumbe wa kumkumbusha rejesho lake."

Simu zikalia karibu zote kwa pamoja. Bi Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma kimya, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akavaa tena, kisha akasoma kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya ukumbi: "Ndugu mwanachama, rejesho lako limechelewa tangu 01/01/1970. Faini yako ni Sh 1,394,500. Ahsante kwa kuwa nasi."

Ukumbi ulitulia kwa muda.

"Mwaka 1970 mimi sijazaliwa," akasema Bi Mwenyekiti. "Hili deni nimerithi kwa nani?"

"Na mimi nilikopa nikapande nini?" akauliza jirani yake. "Mwani wenyewe hapa kwetu ulianza kulimwa 1989."

Kabla hajajibiwa, dakika ilitimia na simu zikalia tena. Mwalimu mmoja wa jopo, ambaye nadhani alikuwa na nia njema, aliuliza kama mfumo una kitufe cha kusitisha. Kitufe kilikuwepo katika michoro, ila hakikuwekwa kwa sababu Wete alikitaka kiwe chekundu na Kikwajuni alikitaka kiwe kijani, na shauri lilikuwa bado halijakatwa. Kiongozi kwa kuchanganyikiwa akachomoa waya wa projekta. Picha ikatoweka ukutani, lakini ujumbe ulikuwa ukitoka kwenye seva, na seva haikuwa na habari yoyote na projekta. Simu zikalia mara ya tatu. Mama mmoja akaitupia yake ndani ya mkoba na kuukalia mkoba wenyewe. Kilichotuokoa hatimaye ni umasikini wetu, kwa kuwa kifurushi cha ujumbe tulichokichangia kilikwisha.

Hapo ndipo Kikwajuni alipomgeukia Wete na kumsemesha moja kwa moja, bila ya balozi, mbele ya watu wote.

"Tarehe umeziandika vipi?"

"Kama watu wanavyoandika. Siku, mwezi, mwaka."

"Watu wa wapi?"

Lugha ya programu aliyoitumia Kikwajuni ikiona tarehe iliyotengwa kwa mikwaju huisoma kwa desturi ya Marekani, mwezi ukitangulia siku. Mkopo unaotakiwa kurejeshwa 25/6 uliifanya itafute mwezi wa ishirini na tano, na ilipoukosa ikarudisha patupu. Patupu pakageuka sifuri, na sifuri katika saa ya kompyuta ndio mwanzo wa dunia: tarehe 1 Januari 1970, ambayo kwetu Afrika Mashariki ilikuwa ni saa tisa za usiku. Kuanzia hapo hadi siku ya tukio zilipita wiki 2,789, na faini ilihesabiwa kwa usahihi usio na dosari. Tarehe za Mkoani hazikuonesha kitu kwa sababu 5/5 ni tarehe tano ya mwezi wa tano hata ukiisoma kinyumenyume. Jopo liliandika katika maoni yake kwamba mazungumzo hayo mafupi ndiyo yaliyokuwa kikao bora cha kikundi, likatupa alama ndogo kwenye majaribio na alama za juu kwenye ushiriki wa mteja, tukafaulu.

Katika safu ya mbele alikuwepo mama mmoja ambaye wakati wote huo alikuwa akitabasamu. Mkopo wake mkubwa ulipaswa kuwa umerejeshwa tarehe 10/6, na kompyuta ilikuwa imeisoma tarehe hiyo kuwa ni 6 Oktoba. Kwenye kikao kilichofuata, sanduku lilipofunguliwa na akatajwa jina, alitoa simu na kuwaonesha wenzake orodha ya madeni tuliyokuwa tumewatumia. Alisema kwamba yeye anaikubali elimu ya vijana, kwamba maendeleo hayarudishwi nyuma, na kwamba atalipa Oktoba kama ilivyoandikwa.

Bi Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaiomba ile simu na kusukuma orodha kwa kidole hadi mstari wa pili, uliokuwa na mkopo mdogo aliouchukua kwenye mfuko wa jamii, wa kurejeshwa tarehe 20/6.

"Sawa, dada," akasema. "Atakayelishika neno la kompyuta na alishike lote. Oktoba nimekupa. Na hii milioni moja na ushei ya tangu 1970 unaitoa leo, au unaileta kesho?"

Mama alifungua fundo la kanga yake, akahesabu fedha za mkopo mkubwa pamoja na faini ya wiki moja, akaziweka mezani na kutaka aandikiwe daftarini, kwa kalamu, huku akiangalia.