Kongamano Limekwisha: Je, Laptopu Zifunguliwe Tena?

Alasiri ya mwisho ya kongamano la wasanidi programu, watu wakianza kuvua vitambulisho shingoni, hakosekani mmoja wa kuuliza: "Kesho asubuhi nani bado yupo? Tutafute chumba tuandike msimbo." Msimbo ni yale maagizo yanayounda programu. Mikono kumi na mitano hupanda. Kesho yake hufika watu sita, na mmoja wao amekuja kuaga tu.

Kuna wanaoamini kwamba hapo ndipo kongamano linapoanza, mihadhara yote ilikuwa ya kupasha misuli moto. Kuna wanaoona ni kuwakamua watu ambao wamekwisha kukamuka. Nimewahi kuwa yule anayeuliza, na nimewahi kuwa yule aliyenyoosha mkono asitokee, kwa hiyo naweza kuwasemea wote wawili bila kinyongo.

Wanaoutaka mkutano huo wana historia upande wao. Harrison Owen, Mmarekani aliyeanzisha mwaka 1985 mtindo wa mikutano ambayo wahudhuriaji hujipangia ratiba wakishafika, alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia baada ya kuandaa kongamano kwa mwaka mzima, kisha akaambiwa kwamba kilichowafaa watu zaidi ni mapumziko ya kahawa. Juni 1999, wasanidi 10 wa OpenBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, walikutana Calgary, Kanada, wakafanye kazi ya usimbaji fiche, yaani kuficha data asiyehusika asiweze kuisoma, mbali na mkono wa sheria za Marekani, ambazo wakati huo zilibana upelekaji wa programu za aina hiyo nje ya nchi. Mkutano ule ni miongoni mwa ya kwanza kabisa kuitwa hakathoni, yaani kikao cha kuandika programu kwa pamoja, kabla neno hilo halijatekwa na mashindano ya zawadi na majaji. Nao watu wa Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye PyCon, kongamano lao la Marekani, hutenga siku hadi nne baada ya mihadhara kwa ajili ya sprinti, yaani kukaa mezani na kurekebisha programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuzibadilisha, bega kwa bega.

Faida yake inajulikana na yeyote aliyewahi kubishana na mtu kwa maandishi. Badiliko la msimbo limetumwa, mkaguzi wa mradi amelikataa kwa sentensi mbili kavu, mwandishi amejibu kwa aya nne, wiki tatu zimepita. Waweke mbele ya skrini moja. Mmoja atanyoosha kidole kwenye mstari wa 40, mwenzake ataguna "aah," na mambo yataisha kabla chai haijapoa. Zaidi ya hapo, yule mkaguzi aliyeonekana mkali ana sauti ya upole na huomba radhi kila baada ya sentensi. Ukishamsikia mara moja, maoni yake ya baadaye utayasoma kwa sauti hiyo.

Sasa upande wa pili, ambao hausikilizwi vya kutosha kwa sababu wenye hoja zake huwa wamekwisha kupanda basi.

Kubaki siku moja zaidi ni gharama ya malazi, ni siku nyingine ya likizo, na kwa mzazi ni siku nyingine ya kumwomba mtu amwangalizie mtoto. Mwajiri aliyelipia mihadhara hana sababu ya kulipia siku ya kushughulikia mradi usio wake. Kwa hiyo wanaobaki si lazima wawe ndio wenye mchango mkubwa. Ni wale wenye nafasi. Hilo lingekuwa dogo kama wangekuwa wanarekebisha makosa ya tahajia, lakini meza yenye watunzaji watatu wa mradi mmoja, yaani wenye kauli ya mwisho juu ya msimbo wake, haikai saa nne bila kuamua jambo. Jioni muundo wa toleo lijalo umekubaliwa, na mchangiaji aliyeko mbali, ambaye huenda ameandika robo ya msimbo wenyewe, anakuta mlango umefungwa. Hoja hii naiona nzito kuliko zote, na dawa yake haipendezi: mezani yatoke mapendekezo tu, yaandikwe siku hiyo hiyo, na uamuzi usubiri walio mbali wayasome. Watu waliokwisha kukubaliana kwa furaha hawapendi kuambiwa wasubiri.

Uchovu nao si kisingizio. Debian, mradi wa mfumo endeshi huria ulioanza mwaka 1993, huweka kambi yake ya kazi, DebCamp, kabla ya kongamano lake la DebConf. Hapo vichwa bado vina nguvu, na ugomvi uliozuka kambini hupata ukumbi wa kujadiliwa wiki inayofuata. Kwa watu wanaofahamiana tayari, nadhani Debian wamepatia. Kwa mgeni, baada ni bora: amekwisha kumsikia mtu akieleza zana yake jukwaani, anajua sura yake, na ana kisa cha kuvuta kiti karibu naye.

Halafu kuna suala la mkutano wenyewe kutokuwa rasmi, ambapo mimi huachana na rafiki zangu wengi. Wao husema uzuri wake ni kutokuwa na mpango. Nakubali kuhusu ratiba: ukipanga nani afanye nini kuanzia saa ngapi, umejenga ofisi. Lakini mlango, umeme na intaneti havipangiki kwa hisia. Chukua watu 20, kila mmoja anapakua vifurushi vya GB 2 ili mradi uwake kwenye mashine yake. Hizo ni GB 40. Kwa laini ya megabiti 50 kwa sekunde inayofanya kazi bila kukatika (na haifanyi hivyo hata siku moja) ni takriban saa 1 na dakika 47 za kutazamana. Flashi mbili zilizojazwa usiku uliotangulia zingemaliza jambo hilo.

Ukubwa nao una hesabu yake. Watu 5 wana jozi 10 za kuzungumza, watu 20 wana jozi 190. Chumba cha ishirini si chumba cha watano kilichoongezwa viti. Kikifika hapo, gawanyeni meza, kila meza na mradi wake na mwenyeji wake.

Na mkitoka nje ya jengo la kongamano, mjue kwamba kanuni za maadili za kongamano, pamoja na wale waliopewa kazi ya kupokea malalamiko, huenda wamebaki ndani. Mtu akisumbuliwa kwenye meza yenu, amwendee nani? Kujibu "sisi sote ni marafiki hapa" ni kumjibu kwa niaba yake. Mtajeni mtu mmoja kwa jina, dakika ya kwanza. Haigeuzi mkutano kuwa rasmi, ila inampa mgeni pa kuanzia.

Kuhusu mgeni huyo, wapo watunzaji wanaolalamika kwamba wageni hutumia asubuhi nzima kusakinisha, na mwenye ujuzi anaishia kuwa fundi wa laptopu za wenzake. Ni kweli. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone: mwongozo wa usakinishaji haujawahi kusomwa kwa makini na mtu anayeujua mradi, na kila hatua anayokwama mgeni ni kasoro iliyokuwa ikiwafukuza watu kimyakimya nyumbani kwao. Kama sita wamekwama mahali pamoja na mwongozo umerekebishwa kabla ya adhuhuri, siiti hiyo asubuhi iliyopotea. Kama kila mmoja amenong'onezewa namna ya kuruka kizuizi na hakuna aliyeandika neno, hapo nawaunga mkono wanaolalamika.

Kinachoniudhi kwenye mikutano hii ni saa yake ya mwisho. Watu wanaanza kukunja waya, mabadiliko yako nusu, kila mmoja anaahidi kumalizia akifika kwake. Wachache humalizia. Mabadiliko manane hutumwa usiku huo huo kwa mtunzaji mmoja, ambaye naye yuko safarini, na mwezi baadaye yanagongana na toleo jipya.

Ndiyo maana siku hizi, nikiulizwa, husema mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuunganisha msimbo, yaani kuyaingiza mabadiliko ya wengine kwenye mradi, asiandike chochote siku hiyo. Azunguke, akague, aunganishe kilicho tayari wakati mwandishi bado ameketi pale, na cha nusu amwambie mwenyewe akiache wazi na maelezo ya mahali alipofikia. Jina la mtu huyo halitaonekana kwenye orodha ya mabadiliko ya siku ile, na kumpata wa kukubali kazi hiyo ni kugumu kuliko kupata chumba.