Hadi diski (hard disk) inakufa, fundi anapiga Windows!

Jamani, nani mwenzangu anateswa na hadi diski ya kompyuta ya zamani? Unawasha, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, bado inazunguka tu! Halafu ule mlio: tak, tak, tak. Kichwa cha kusomea kinahangaika juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila tak ni picha za harusi zinakuaga.

Fundi naye? "Tupige Windows upya." Upya wa nini, wakati kifaa chenyewe kinakata roho? Kufomati kunaponya sahani iliyochunika? Si aangalie kwanza ripoti ya SMART, ile ambayo diski inajipima afya yake yenyewe! Sekta mbovu, yaani vipande vya diski visivyosomeka, zikiongezeka, hamisha mafaili leo hii, weka SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka. Lakini wapi! Anapiga Windows, picha zote kwaheri, na hela yake anadai vilevile!