Miche hainyauki kwa kiu peke yake

Kuna makala niliyosoma inayosema miche ya kabichi hunyauka baada ya kuhamishwa kwa kukosa maji. Si kila mara. Hapa Ndosho, Goma, nilimwagia yangu bidoni nzima ya maji, udongo mweusi ukawa tope, na bado kufikia saa sita mchana majani yalikuwa yamelala. Nikang'oa mmoja: mzizi uko uchi kabisa. Sehemu kubwa ya maji huingia mzizini kupitia vinyweleo vyembamba karibu na ncha yake, na mimi nilikuwa nimevikata kule kitaluni kwa haraka zangu. Siku hizi nahamisha jioni, na bonge la udongo wake. Halafu jamani, punguzeni mbolea ya dukani shinani! Ikizidi, maji yanavutwa kutoka mzizini yarudi udongoni.