Siku Roxette Walipowaka Moto Kirumba

Kabla hujaanza kucheka, jua kwanza kwamba mwaka 1992 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Redio ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, basi. Kule Kirumba, Mwanza, tulikokulia, usiku ukitulia uliweza kunasa redio za Kenya kutoka ng'ambo ya ziwa, zikikwaruza na kupotea katikati ya wimbo unaoutaka. Muziki wa nje ulitufikia kwa kanda, na kanda yenyewe ilirekodiwa kutoka kanda nyingine, ambayo nayo ilirekodiwa kutoka nyingine, hadi inafika Mwanza ile "shhhh" ya mkanda imeshakuwa sehemu ya wimbo. Nilipokuja kuwasikia Roxette kwenye CD miaka mingi baadaye, nilihisi nimepunjwa.

Kaka zetu walikuwa watu wa rhumba la Kongo. Vijana wengine mtaani walikufa na Michael Jackson. Sisi kundi letu dogo tulishika Roxette, watu wawili kutoka Sweden, Per Gessle na Marie Fredriksson, na ukituuliza kwa nini hao, jibu ni kwamba kanda yao ndiyo tuliyokuwa nayo. Halafu ukiisikia sauti ya Marie inapanda mara moja tu, umekwisha.

Tatizo lilikuwa sura. Picha pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa fotokopi nyeusi ya karatasi ya kanda, na hapo pana watu wawili: mmoja ana nywele zinazofunika masikio, mwingine ana nywele fupi zilizosimama. Doto aliapa kwamba mwenye nywele fupi ndiye mwanamume. (Dada zetu wote wakati huo walikuwa na vipara vya shule, lakini ushahidi huo hakuna aliyeukumbuka.) Pacha wake Kulwa akabisha. Ugomvi ule uliwatenganisha kwenye sahani moja ya ugali kwa muda, mpaka binamu wa mtu fulani aliporudi kutoka Nairobi na gazeti la rangi, tukaona kwa macho yetu: mwenye nywele fupi nyeupe ni Marie. Doto akasema kwamba hata yeye alikuwa anamaanisha hivyo.

Jambo moja nililokuja kulisoma ukubwani lilinifurahisha sana. Roxette waliingia Marekani kwa mtindo uleule wa Kirumba. Mwanafunzi mmoja Mmarekani aliyekuwa anasoma Sweden alirudi kwao Minneapolis na albamu ya *Look Sharp!*, akaipeleka redio ya mjini kwao, akawaomba wapige. Walipopiga "The Look" simu hazikukatika, nao wakaanza kurekodi kanda na kuzituma stesheni nyingine. Aprili 1989 wimbo ukawa namba moja Marekani nzima, na kampuni ya kule Marekani awali ilikuwa imeshawakataa. Mpaka 1991 walikuwa na nyimbo nne zilizofika namba moja huko. Kwa hiyo mtu akikwambia kanda za kurudufu ni wizi, mwambie akae chini kwanza.

Sasa tuingie kwenye yaliyotukuta.

Kila Desemba 26 kanisa letu lilikuwa na tamasha la vijana: mashairi, ngonjera, kwaya, na mwaka ule wakaongeza kipengele cha vijana kuigiza waimbaji. Kanda inaimba, ninyi mnachezesha midomo. Tukajiandikisha papo hapo. Kulwa awe Per, kwa sababu alikuwa na gitaa la plaiwudi alilolichonga mwenyewe na kulifunga mishipi ya kuvulia. Doto awe fundi mitambo, kwa sababu rediokaseti ilikuwa ya baba yao. Marie ikawa shida. Wasichana tuliowaomba, mama zao walikataa kabla hata hatujamaliza shikamoo. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote na shingo yangu ilikuwa nyembamba. Hawakuuliza.

Nywele zikatoka kwa mjomba wangu, aliyekuwa anafanya kazi ya sangara pale Mwaloni. Alitupa kipande cha kamba ya manila, ile ya njano, kilichochoka kufunga boti. Usidharau kamba ya manila. Ukiifumua nyuzi zake moja moja, ukazichana kwa chanuo, halafu ukazishonea kwenye kofia ya sufi na kuzipunguza kwa mkasi, zinasimama zenyewe, hazihitaji mafuta wala dawa. Nilipoivaa, Kulwa alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Aisee. Ni yeye." Harufu tu ndiyo ilitushinda. Tuliifua kwa sabuni ya unga, tukaianika, tukaifua tena, na bado paka wa jirani alinisindikiza hadi kanisani.

Kabla ya kupanda jukwaani ilikuwa lazima kila kundi lipite kwa mzee wa kanisa, mtu mrefu, mpole, asiyecheka. Akauliza wimbo gani. Tukamwambia "It Must Have Been Love".

"Unahusu nini?"

"Upendo, mzee," Kulwa akajibu.

"Upendo wa nani?"

Tukatazamana. Kiingereza chetu kilikuwa kimeishia hapohapo kwenye neno la upendo.

"Hii ni Krismasi," mzee akasema. "Wimbo wenu na Krismasi vinahusiana nini?"

Hatukuwa na jibu. Aliniangalia kichwani kwa muda mrefu, akavuta pumzi, nadhani akapata na ile harufu, kisha akasema tuimbe, ila asione mtu anakata kiuno. Akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa ili ahakikishe.

Umeme ulikatika wakati kwaya ya akina mama inashuka. Hakuna aliyeshtuka. Zikaletwa karabai mbili za wavuvi wa dagaa ambao siku hiyo walikuwa wanakula sikukuu, moja ikawekwa mlangoni, nyingine kwenye meza ndogo mbele ya jukwaa. Doto akachomoa waya wa umeme nyuma ya rediokaseti, kwa kuwa zile za zamani ukiacha waya umechomekwa betri hazifanyi kazi, akapachika betri zake. Betri hizo alikuwa amezianika juu ya bati tangu asubuhi. Wa zama zile mnanielewa: betri ikiisha haitupwi, inaanikwa juani, inapata roho kidogo. Akafungua sauti mpaka mwisho, kwa sababu roho yenyewe ilikuwa ya kukadiria.

Tukaanza vizuri. Naapa tulianza vizuri. Kulwa anakuna plaiwudi, mimi nimefumba macho, mkono mmoja kifuani, mdomo wangu na sauti ya Marie ni kitu kimoja. Nikasikia akina dada nyuma wakipiga vigelegele. Wadudu wa ziwani walikuwa wameshaijaa ile taa, na nikagundua kwamba mtu anayeimba kweli huwatoa wadudu kwa pumzi, lakini mtu anayefungua mdomo tu huwapokea. Nikameza mmoja, nikaendelea.

Ule wimbo ni wa polepole kwa asili, kwa hiyo betri zilipoanza kukata roho hakuna aliyetambua. Mimi nilitambua, kwa sababu pumzi yangu ilikuwa inaisha kabla ya mstari kuisha. Nikavuta mdomo, nikavuta, nikageuka kumwangalia Doto, naye akanionyesha dole gumba. Sauti ya Marie ikashuka, ikashuka tena, mpaka ikawa kama ya mzee wa makamo anayetangaza msiba. Kulwa akapunguza mwendo wa gitaa ili aende naye sawa. Na mimi, badala ya kusimama, nikaongeza hisia. Kiitikio kilipofika nikainama mbele, magoti yamekunjwa, kichwa chini, vile nilivyodhani Marie angefanya.

Meza yenye karabai ilikuwa hapo.

Kamba ya manila haiwaki kwa haraka. Kwanza inajikunja, kisha inanuka, kisha inaanza kudondosha matone ya moto. Mimi nilihisi joto tu, nikafikiri ni hisia zangu. Mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Mtoto anaungua!" Wengine wakapiga makofi, wakidhani ndivyo Wazungu wanavyomaliza wimbo.

Mzee wa kanisa hakudhani. Sikuwahi kumwona anatembea haraka maishani mwangu, lakini siku ile aliruka kutoka kiti cha mbele, akanyakua beseni la maji waliyonawia watu baada ya pilau, akanimwagia lote kichwani. Maji ya uvuguvugu, yana mafuta, yana punje za wali. Yaliyobaki yakaipiga karabai. Kioo cha karabai ikiwa imewaka kikikutana na maji hakisubiri: kikapasuka "pa!", jukwaa likawa giza, na ndani ya giza ile sauti ya mzee wa msiba bado inaendelea, taratibu, bila haraka na mtu.

Hapo ndipo umeme uliporudi.

Doto, bila kufikiri, akachomeka waya. Sauti, kumbuka, ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Marie Fredriksson akalipuka kanisani kwa mwendo wake halisi na kwa nguvu zake zote, taa zote zinawaka, na mbele ya jukwaa tumesimama sisi: Kulwa amekumbatia gitaa lake, mimi nina kofia ya sufi inayofuka moshi na wali kwenye nyusi, na mzee wa kanisa kashika beseni tupu mikononi, ameelekea waumini, mdomo wazi, sawasawa kabisa na neno la wimbo. Kwa sekunde chache tamasha lile lilikuwa na mwimbaji mmoja tu, na alikuwa yeye.

Watu walilia. Mchungaji alitoka nje. Zawadi walipewa vijana wa ngonjera, na hilo mpaka leo naona halikuwa haki, kwa kuwa ngonjera yenyewe waliisahau katikati.

Kofia ilivuliwa kwa mkasi. Nywele zangu halisi zilipona, isipokuwa nyuma ya sikio la kulia, ambapo tone moja la plastiki liliniachia alama ninayoenda nayo kwa kinyozi na kuieleza upya kila nikibadilisha kinyozi.

Marie alifariki Desemba 9, 2019, akiwa na miaka 61. Alikuwa ameishi na uvimbe wa ubongo tangu 2002, na alirudi kuimba hata hivyo, miaka ya mwisho akiimba amekaa kwenye kiti. Wiki ile nilisoma kila nilichokipata juu yao, na katikati ya kusoma nikakutana na habari iliyonifanya nisimame. "It Must Have Been Love" waliitunga 1987 kama wimbo wa Krismasi. Kampuni yao ya Ujerumani iliomba wimbo wa Krismasi, ndipo Gessle akauandika, na siku ya Krismasi ilitajwa ndani yake. Mwaka 1990 ulipoingizwa kwenye filamu ya *Pretty Woman* ndipo wakaiondoa Krismasi, wakaweka siku ya baridi.

Nikafunga safari mpaka kwa mzee. Bado alikuwa Kirumba, anaona kwa shida, anakaa barazani. Nikampa shikamoo, nikajitambulisha kwa jina la baba yangu, hakunikumbuka. Nikajitambulisha kwa kofia, akanikumbuka mara moja. Nikamweleza yote: Ujerumani, 1987, Krismasi, ile siku ya baridi.

Akasikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa.

"Kwa hiyo ulikuwa wimbo wa Krismasi kweli."

"Ndiyo, mzee."

"Na nilimmwagia maji ya kunawia mtu anayeimba wimbo wa Krismasi."

"Ndiyo, mzee."

Akafikiri.

"Sasa baba," akasema, "wewe ulikuwa unawaka. Hata ungekuwa unaimba Tenzi za Rohoni, ningekumwagia."