Profesa asiyegundua dawa: tunampima kwa kipimo gani?

Swali ambalo profesa wa famakolojia, yaani elimu ya dawa na namna zinavyofanya kazi mwilini, huulizwa kuliko jingine lolote ni dawa gani amegundua, na kwa walio wengi jibu la kweli ni kwamba hawajagundua hata moja. Wamekaa miongo mitatu wakifuatilia protini moja au mbili, wakitafuta hasa kinachoharibika ndani ya seli mpaka ugonjwa ukatokea, na mwishowe wameacha makala za kitaalamu na wanafunzi waliowalea. Wako wanaoona kwamba fedha za utafiti wa namna hiyo zingefaa zaidi kama zingepelekwa moja kwa moja kwenye majaribio ya tiba kwa wagonjwa. Hoja yao ina uzito, lakini kipimo wanachokitumia, yaani idadi ya dawa, kinaacha nje sehemu kubwa ya kazi yenyewe, na historia ya kimeng'enya kimoja tu (protini inayoendesha kemia ya mwili), siklooksijenezi au kwa kifupi COX, inatosha kulionyesha hilo.

Tuanze na upande wao. Tiba haijawahi kusubiri maelezo ya molekuli. William Withering alieleza mwaka 1785 jinsi mmea wa dijitalisi unavyowasaidia wagonjwa waliovimba mwili, ilhali pampu ya sodiamu na potasiamu ambayo dawa hiyo huizuia ilikuja kuelezwa na Jens Skou mwaka 1957. Mwaka huohuo wa 1957 metformini ilianza kutumika Ufaransa kutibu kisukari, na hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu namna inavyoshusha sukari. Isitoshe, takriban dawa tisa kati ya kumi zinazofikishwa kwenye majaribio ya binadamu hushindwa, nyingi zikiwa zimechaguliwa kwa sababu maelezo yake ya kimolekuli yalivutia. Katika ugonjwa wa Alzheimer, dhana ya amiloidi iliyotangazwa mwaka 1992, kwamba mrundikano wa protini hiyo kwenye ubongo ndio chanzo cha ugonjwa, ilizaa dawa zilizoshindwa moja baada ya nyingine, na hata lecanemab, dawa inayolenga amiloidi iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo tu bila kuusimamisha. Mtu anayemuuguza mzazi asiyekumbuka tena majina ya wanawe ana kila haki ya kuuliza miaka hiyo yote ilikwenda wapi.

Sasa tutazame aspirini, ambayo wakosoaji hupenda kuitaja kwa sababu iliuzwa tangu 1899 bila mtu kujua inafanyaje kazi. Mwaka 1971 John Vane, profesa wa famakolojia mjini London, alisaga mapafu ya simbilisi, akaweka aspirini katika mchanganyiko uliopatikana, akaona kwamba utengenezaji wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazotokana na kazi ya siklooksijenezi, unapungua kadiri dozi inavyopandishwa. Kwa kipimo cha idadi ya dawa, kazi hii ni sifuri, kwa maana dawa yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 72. Lakini papo hapo mambo mawili ambayo madaktari walikuwa wakiyaona kila siku yakapata sababu moja: prostaglandini zinazochochea maumivu katika kiungo kilichovimba ni ndugu wa zile zinazolinda ukuta wa tumbo, kwa hiyo mkono unaotuliza maumivu ndio huohuo unaoliacha tumbo wazi kwa vidonda.

Matokeo ninayoyathamini zaidi yako kwenye chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda. Chembe sahani haina kiini, hivyo haiwezi kutengeneza protini mpya ya kutosha kufidia iliyopotea. Katikati ya miaka ya 1970 ilionekana kwamba aspirini hupachika kipande chake, kikundi cha asetili, kwenye kimeng'enya chenyewe na kukiziba moja kwa moja. Seli ya ukuta wa mshipa hujitengenezea kimeng'enya kingine baada ya saa kadhaa, lakini chembe sahani hubaki imezibwa kwa maisha yake yote, siku saba hadi kumi. Ndiyo maana dawa ambayo nusu yake hutoweka katika damu kwa takriban dakika 20 hutosha kunywewa mara moja kwa siku, tena kwa dozi ndogo. Hakuna mgonjwa yeyote, hata angefuatiliwa kwa makini namna gani, ambaye angemwonyesha daktari jambo hilo kwa macho.

Na daktari aliyetumia macho alikuwapo. Lawrence Craven wa California aliona kwamba wagonjwa waliokatwa tonsili na kutafuna ubani wenye aspirini walivuja damu kuliko kawaida, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa akiandika kwamba aspirini inazuia mshtuko wa moyo. Hakuwa na kundi la kulinganisha wala maelezo ya kisayansi, na wachache walimsikiliza. Uthibitisho mkubwa ulikuja mwaka 1988 katika jaribio la ISIS-2, lililohusisha wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Miligramu 160 kwa siku, kwa mwezi mmoja, zilishusha vifo vya moyo na mishipa kutoka asilimia 11.8 hadi asilimia 9.4. Kwa kila wagonjwa 1,000, hao ni watu 24 hivi waliobaki hai kwa kidonge ambacho duka lolote la dawa lilikuwa nacho. Nakiri kwamba ni jaribio, wala si mapafu ya simbilisi, lililothibitisha hilo. Lakini bila maabara nani angejua kwamba dozi ndogo kuliko ile ya kutuliza maumivu inastahili kujaribiwa?

Wakosoaji hujibu kwa kutaja dawa ya maumivu iliyoitwa Vioxx. Aina ya pili ya siklooksijenezi, COX-2, ilipogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilionekana kwamba dawa itakayoizuia hiyo pekee itatuliza maumivu bila kuliumiza tumbo. Vioxx ikaidhinishwa mwaka 1999, na Septemba 2004 ikaondolewa sokoni baada ya jaribio kuonyesha kwamba hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inakaribia kuongezeka maradufu. Husemwa kwamba hapo nadharia ya molekuli iliua watu.

Mimi naisoma habari hii kinyume chake. Mwaka 1976 kundi la Vane lilikuwa limegundua prostasaiklini, inayotengenezwa na ukuta wa mshipa na kuzuia chembe sahani zisishikamane. Mwaka 1999, dawa za aina ya Vioxx zikiwa ndiyo kwanza zinaingia sokoni, kundi la Garret FitzGerald, profesa wa famakolojia huko Pennsylvania, lilionyesha kwamba kuzuia COX-2 kunapunguza prostasaiklini huku thromboksani, inayogandisha damu, ikiachwa bila kuguswa, na likatahadharisha juu ya moyo. Mwaka 2000 jaribio la VIGOR likatoa mshtuko wa moyo kwa asilimia 0.4 ya waliotumia Vioxx dhidi ya asilimia 0.1 ya waliotumia naproxen, dawa nyingine ya maumivu, na maelezo yaliyopewa nafasi yakawa kwamba pengine naproxen inaulinda moyo. Sayansi ya molekuli ilikuwa imetoa maelezo mengine, yenye kutisha zaidi, na ikapita miaka mitano kati ya tahadhari na uamuzi. Siwezi kuiita hiyo hasara ya utafiti wa msingi.

Nawakubalia wakosoaji jambo moja bila kusita: molekuli haituambii nani atafaidika. Jaribio la ASPREE la mwaka 2018, lililohusisha wazee 19,114 wenye afya, lilionyesha kwamba aspirini ya kila siku haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, ila iliwaongezea kuvuja damu. Hapo jaribio halina mbadala. Ninachokidai ni kwamba kamati inayomhoji profesa isiishie kwenye dawa aliyoigundua. Imuulize pia ni madhara gani ya dawa zilizopo ambayo kazi yake inayatabiri, na ofisi inayoidhinisha dawa ilazimike kumjibu kwa maandishi kabla kidonge hakijafika kwa mgonjwa.