Kadi ya pili si ya kuongeza nafasi

Kila harusi ya wanawake ina shangazi mmoja. Si lazima awe shangazi wa biharusi kweli. Pengine ni jirani, pengine somo. Hachezi wala hatunzi. Amekaa karibu na mlango na kikapu cha simu alizowapokonya wageni, na kazi yake ni macho tu. Wa mwezi uliopita, kwenye ukumbi mmoja hapa Mjini Unguja, alinishika mkono nikipita na kamera yangu.

"Mwanangu, hizo picha za mtoto wetu saa hizi ziko wapi?"

Nikafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa kamera, nikamwonyesha. "Ziko hapa, shangazi. Na ziko hapa tena."

Akazikodolea zile kadi mbili za kuhifadhia picha. "Mbili za nini?"

Biharusi alikuwa anaingia, nikamjibu nusu nusu nikakimbia. Jibu zima ni hili.

Kamera ya kadi mbili inakuuliza kwenye menyu: hii ya pili unaitakia nini? Unaweza kuiambia isubiri, ya kwanza ikijaa ndiyo ianze kuandikwa. Unaweza kugawa, faili za RAW, yaani picha ghafi, zende huku, na JPEG, ile iliyokwisha kupikwa na kubanwa na kamera, kule. Au unaiambia kila picha iandikwe kote kuwili, mara moja, palepale unapobonyeza. Kwa mtu anayelipwa kupiga harusi, mimi nasema ni hiyo ya mwisho tu. Ile ya kusubiri ni ya mtalii anayezunguka Forodhani na hataki kubeba kadi mfukoni.

Wenzangu wanaogawa RAW na JPEG watanuna, najua. Hoja yao ni kwamba JPEG nayo ni nakala, inakula nafasi ndogo, na mteja akitaka picha tatu za haraka unazo tayari. Sawa. Lakini kumbi zetu mnazijua. Taa za zambarau, mara zigeuke kijani, na uso wa biharusi umepakwa kwa saa nne na mpambaji aliyelipwa pesa nyingi kuliko mimi. Kwenye RAW ule uzambarau nautoa, ngozi inarudi kuwa ngozi. Kwenye JPEG shavu linabaki kama bilingani. Kadi ya RAW ikifa, utampelekea mama wa watu bilingani umwambie ndiyo nakala?

Haya sikuyasoma popote. Niliyapata Chake Chake mwaka 2019, na niliyalipia.

Ilikuwa harusi ya siku mbili. Nilipanda boti Malindi, nikashuka Mkoani, na kamera yangu mwenzangu alikuwa ameiazima, ikanirudia wiki ile. Yeye alikuwa anapiga video ndefu, akaibadilisha iwe ya kusubiri: kadi moja ikijaa iingie nyengine. Hana kosa. Kamera ikitoka mkononi mwako inarudi na mambo ya mtu mwengine, na ni juu yako kutazama. Sikutazama. Nikatia kadi zangu mbili za GB 64, nikaanza tangu asubuhi: hina ikikaushwa, udi, vikuku, wageni, watoto wanaojipanga mbele ya kamera kila baada ya dakika tano. Wanaume walikuwa msikitini kwa nikaha na mpiga picha wao. Jioni bwana harusi akaja nyumbani kumpa mkono mke wake, nami nilikuwemo chumbani, pembeni ya kitanda, wanawake wamenibana mpaka kiwiko hakinyooki.

Kamera yangu ina tabia moja njema. Ukiiweka kwenye nakala, hesabu ya picha zilizobaki inafuata kadi yenye nafasi ndogo, na kadi yoyote ikijaa inagoma kabisa, haipigi. Siku ile nilipiga mno na haikugoma. Ilitakiwa igome. Mimi nikaona raha, nikasema leo kadi zimekaa vizuri.

Usiku, nyumba ya wageni, nikahamisha kadi ya kwanza kwenye laptopu. Ya pili nikajiambia ni ileile. Nikaifomati kwa ajili ya kesho, kwa sababu nilikuwa nimekwenda Pemba na kadi mbili tu kama mtu aliyekwenda shamba bila jembe. Kesho yake nikapiga juu yake picha kama mia tatu.

Nilikuja kujua ndani ya boti ya kurudi. Nilikuwa napitia picha kupoteza muda. Ya mwisho ya siku ya kwanza ilikuwa bwana harusi kainama mlangoni, anavua kiatu cha kushoto. Nikabonyeza mbele. Hakuna. Nikarudi nyuma, nikaja mbele tena. Anavua kiatu. Mkono wake juu ya paji la uso la mke wake, dua, mama yake biharusi akijifuta machozi kwa ncha ya kanga, vyote vilikuwa kwenye kadi ya pili, na kadi ya pili nimeifomati mwenyewe kwa kidole changu.

Kufomati ndani ya kamera kwa kawaida hakufuti picha. Kunafuta orodha inayosema picha zimekaa wapi. Kwa hiyo ukigundua mapema, ukaitoa kadi usiiguse tena, programu za kurudisha mafaili zinaweza kukupa karibu zote. Lakini mimi nilishaandika juu yake. Zilirudi chache nzima, na nyengine nusu ya juu ni uso na nusu ya chini ni kijivu kitupu. Nilimpigia simu mama wa biharusi. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mwanangu, ndivyo ilivyoandikwa." Bora angenitukana. Nikarudisha nusu ya malipo, na ile nusu nyengine mpaka leo naiona kama haikuwa yangu.

Tangu hapo sianzi kazi bila kupiga kiganja changu cha kushoto. Picha moja. Kisha naitoa kadi ya kwanza, naiambia kamera inionyeshe kilichomo kwenye ya pili. Nikikiona kiganja, naingia ukumbini. Wapambaji wananicheka, wanadhani natabana.

Mwaka 2018 Nikon walipotoa kamera za Z6 na Z7, na Canon wakatoa EOS R, zote zilikuja na sloti moja, yaani tundu moja la kadi. Wapiga picha wa harusi walipiga kelele dunia nzima, na wengine wakawaona wanadeka: kadi za siku hizi ni imara, zinakufa mara ngapi? Miaka miwili baadaye Z6 II na Z7 II zikaja na mbili, na Canon wakatoa R5 na R6, mbili pia. Kelele ilikuwa ya haki, ingawa sababu yangu mimi ni tofauti kidogo na yao. Wao walikuwa wanaogopa kadi. Mimi kadi imewahi kunifia mara moja tu. Ninachokiogopa ni mikono yangu saa sita za usiku.

Kuna kaka mmoja, mkubwa wangu katika kazi, ambaye kila tukikutana Darajani ananiambia wazee walikuwa na filamu moja na harusi zikapigwa. Kweli. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha za Unguja zilizotoka studio ile tunazitazama mpaka leo. Lakini filamu ya picha 36 ikishasafishwa ni kitu, unakitia bahasha, unakiandika jina, unakiweka kabatini. Haifutiki kwa kubonyeza vitufe viwili. Na wazee hawakumwahidi mtu picha elfu moja kwa siku. Nikamwambia hivyo. Akasema leo kahawa yangu nijilipie mwenyewe.

Kwa anayenunua sasa, mambo mawili ya haraka. Sloti mbili si lazima ziwe sawa. Sony a7 III ina moja ya kasi na nyengine ya pole, Canon 5D Mark III vilevile ile ya SD inakokota. Ukiandika kote kuwili kamera inakwenda kwa mwendo wa ile ya pole, basi usije ukabonyeza mfululizo biharusi anaposhuka gari halafu ukashangaa imesimama inafikiri. La pili ni kadi bandia. Imeandikwa GB 128, ndani haina hata robo, na haikwambii. Inapokea picha kimya kimya na kuzitupa. Ukinunua mbili kwa muuzaji mmoja siku moja, una bandia mbili na nakala ya hewa. Mimi nanunua sehemu mbili tofauti, na kila kadi mpya naijaza mafaili mpaka pomoni, nayafungua moja moja, ndipo ile kadi ione harusi.

Ufukweni ni hivyohivyo. Paje wakati wa kusi, upepo ule, atakayefungua mlango wa kadi kubadilisha atabaki na mchanga ndani. Huko naweka mbili kubwa, naufunga, siufungui mpaka nimeingia ndani ya gari.

Sasa lile alilokuwa analiuliza shangazi hasa. Yeye hakuwa na haja ya kujua kama kadi itakufa. Alikuwa anauliza nani atamwona mtoto wao kichwa wazi.

Hapa petu picha ya biharusi kwenye sherehe ya wanawake si picha ya mtandaoni. Amevaa anachovaa kwa sababu hakuna mwanamume na simu ziko kikapuni. Kadi ikifa, nitalia mimi na familia italia, tutapoa. Kadi ikidondoka kwenye daladala ikiwa nzima, ikaokotwa na kijana mwenye simu, hapo hapapoi. Na ukiweka nakala mbili umeongeza mlango wa pili wa kitu kutokea. Wanaosema nakala zikizidi ndiyo salama hawajapiga harusi za kike Unguja. Nakala nnazihesabu kama dhahabu ya kuazima: hii iko wapi, ile iko wapi, nani kaishika.

Na tena kadi mbili ndani ya kamera moja ni nakala mpaka mlango wa ukumbi tu. Mwizi akivuta mkoba kwenye bodaboda amechukua zote mbili. Kwa hiyo ninachofanya, na wenzangu wengine wanaona nimevuka mpaka, ni kutoondoka nazo zote. Sherehe ikiisha naitoa kadi ya pili, nasukuma kile kijiti cha ubavuni kuifunga isiandikwe, naitia kwenye kibahasha, namkabidhi mama wa biharusi mkononi. Yangu naondoka nayo, si mkobani, mwilini. Siku ya kuleta albamu tunakaa pamoja, wakiridhika nafuta kwangu mbele yao, nao wananirudishia kadi au wanainunua iwe yao.

Ina gharama. Msimu wa harusi baada ya Mfungo Tatu naweza kuwa na kadi sita zimelala majumbani kwa watu, mimi nahangaika kutafuta ya kesho. Kuna mama mmoja wa Mwanakwerekwe aliisahau alikoiweka, nyumba nzima ikapekuliwa, ikaonekana ndani ya mkoba wa mtoto wa skuli. Lakini hakuna hata mmoja aliyekataa kuipokea. Huwa wananyamaza kidogo wanapoishika, wanaipima kwa vidole, kadogo kama ukucha wa gumba.

Shangazi wa mwezi uliopita ndiye aliyeichukua, mama alikuwa amechoka. Alinirudishia Jumamosi hii. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa, akaiweka kwenye kibati cha udi ndani ya sanduku lake, na ufunguo wa sanduku huwa anatembea nao shingoni. Nimeifuta, nimeitia kwenye kamera, nimepiga kiganja changu, inaandika vizuri. Ila kila nikifungua kile kifuniko, udi unanukia.