Datsun ya mjomba na joto la Changamwe

Tangu mjomba akubali Datsun yake 240Z itolewe injini, baraza letu la Kibokoni, Mombasa, halina mazungumzo mengine. Wazee wamenuna. Gari la aina hii ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta, na mlio wa zile silinda sita wanaukumbuka mpaka leo. Kuitia SR20DET, injini ya Nissan ya silinda nne na turbo, kwao ni sawa na kung'oa mlango wa nakshi ukaweka geti la bati.

Mfano huo ulinichoma, sikatai. Lakini siko upande wao. Injini ya zamani ni lita 2.4 yenye kabureta mbili na nguvu za farasi 150 hivi, tena hizo ni za siku ilipotoka kiwandani. SR20 ni lita 2 tu, na ile ya gari la Nissan Silvia ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na farasi 205. Bloku yake ni alumini, kwa hiyo pua ya gari hailemewi. Na mjomba anataka gari la kuendesha, si la kufunika shuka.

Ninaogombana nao ni vijana wenzangu, wanaozungumzia farasi tu. Hebu lipeleke gari hilo Changamwe mwezi wa Februari, saa saba mchana, uwe nyuma ya malori ya kontena yasiyosogea. Turbo ikishindilia hewa, hewa hupata moto; ndiyo maana huwekwa intakula ya kuipoza. Sasa intakula hukaa mbele ya rejeta, na rejeta inabaki kupumua hewa iliyokwisha kuchemka. Gari likikimbia, upepo unasaidia. Foleni haina upepo. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye rejeta kubwa ya alumini na feni za umeme zenye nguvu, na mita ya joto ya kuaminika. Rangi itasubiri. Kuna fundi aliyetuambia rejeta ya zamani "itavumilia tu". Tulimshukuru, tukaondoka.

Peteroli nayo: injini hizi zilipangwa kwa oktani 100 ya Japani (oktani ni kipimo cha peteroli kustahimili isilipuke kabla ya wakati wake ndani ya injini), ambayo kwenye vituo vyetu vya kawaida huipati. Ukipandisha presha ya turbo ili uwatambie watu Nyali, pistoni ndizo zitakazolipa.

Pampu ya mafuta ya kabureta haifai kabisa, lazima ya umeme yenye presha. Breki za nyuma za 240Z ni za ngoma. Hizo nazo ziangaliwe kabla gari halijaonjwa barabarani. Na namba ya injini ibadilishwe kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, usije ukaanza kujieleza kando ya barabara na jua lote lile.

Sharti langu moja mjomba amelikubali: hakuna kukata chuma cha bodi. Maunti, yaani vishikio vya injini, zitengenezwe za kufunga kwa bolti, siku yoyote injini ya zamani iweze kurudi. Hiyo tumeipaka oili kwa ajili ya chumvi ya hewa yetu, tukaivingirisha turubai, iko uani kwetu. Mama anasema imemziba njia ya kuanikia nguo. Na mmoja wa wale wazee walionuna huja kila Ijumaa baada ya sala, anainua ncha ya turubai, anatazama, anaifunika tena.